Vifaa Havijachukuliwa

Kituo cha Kilomita 209
14 Januari

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ratiba,
Makao Makuu ya Reli

Shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Baba yangu ni mtunza njia; kila siku hukagua reli kwa kiberenge kuanzia kilomita 203 hadi 215, na ndiye pia anayeshika bendera hapa kituoni. Anwani yako nimeitoa kwenye ratiba iliyobandikwa kando ya dirisha la tiketi. Ni ya zamani, imeshakuwa rangi ya chai, lakini maandishi yanasomeka.

Nina mambo mawili. La kwanza, mwalimu wetu ametupa kazi ya kuandika historia na huduma za mahali tunapopajua. Wenzangu karibu wote wamechagua soko la mjini. Mimi nimechagua kituo chetu. Huduma zake nazijua kwa sababu naziona: treni ya abiria husimama asubuhi na jioni, gadi hushusha mfuko wa barua na sanduku la dawa za zahanati, abiria hujaza chupa zao kisimani, na watu wa hapa wote hurekebisha saa zao kwa saa yetu ya ukutani. Historia ndiyo siijui. Babu alikuwa stesheni masta hapa, lakini alifariki nikiwa na miaka mitano. Nikimuuliza baba hunijibu, "Mimi nilikikuta." Naomba kujua kilifunguliwa lini na kisima kilichimbwa na nani.

La pili, wiki iliyopita nilisoma ratiba mpya kwenye stesheni ya mjini. Baada ya kilomita 196 inaruka moja kwa moja hadi mjini, 218. Sisi hatumo. Baba ameniambia niachane nayo, lakini naamini ni kosa la mpiga chapa, na kosa likionwa mapema hurekebishika.

Natanguliza shukrani.

Mwanafunzi, binti wa mtunza njia


Ofisi ya Ratiba
29 Januari

YAH: KITUO CHA KILOMITA 209

Barua yako imepokelewa. Unajulishwa kwamba kituo kilichotajwa kilifungwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Treni zote hupita hapo bila kusimama. Ratiba haina kosa lolote. Huenda umekusudia mahali pengine.

Nakutakia masomo mema.

Karani wa Ratiba


Kituo cha Kilomita 209
6 Februari

Ndugu Karani,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la hicho kituo kilichofungwa.

Sitaki kubishana na mtu mzima. Nitaeleza tu ninachokiona. Treni ya abiria huingia kwenye njia ya pembeni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Baba hupokea kutoka kwa dereva ile fimbo ya chuma ambayo ndiyo ruhusa ya kuwa kwenye kipande cha njia. Kila kipande kina fimbo moja tu ya kutumika kwa wakati mmoja, hivyo treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Dakika ya kumi na tisa, treni ya mizigo inayotoka mjini hupita njia kuu. Inapunguza mwendo, inaacha fimbo yake na kuchukua ya mbele. Ile iliyoachwa baba humpa dereva wetu. Dakika ya ishirini na moja tunaondoka, na kabla ya saa moja niko darasani.

Nimeandika muda wa siku tano nyuma ya karatasi hii. Mara nne treni ziliwahi, na mara moja ya abiria ilichelewa dakika mbili kwa sababu ya mbuzi. Shuleni wananiita Bi Dakika kwa tabia hii, sijali.

Nakuomba ulichukulie kwa uzito, ndugu Karani. Kutoka hapa hadi shuleni ni kilomita tisa kwa reli, na kumi na mbili kwa miguu, kwa sababu daraja la reli la mtoni halivukwi kwa miguu, ni lazima kuzunguka. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na baba. Siku mtu atakaposoma ratiba yenu na kuamini kwamba hapa treni hazisimami, na zikaacha kusimama kweli, shule kwangu itakuwa imekwisha.

Mwanafunzi


12 Februari

Mwanafunzi,

Karatasi hii nimeichana kwenye daftari la mwanangu, si ya ofisi. Nakusihi usiandike tena ofisini. Tumia sanduku la posta lililoandikwa nyuma ya bahasha. Usiniulize kwa nini.

Umeniomba historia, nami nimeshinda masijala siku mbili kuitafuta. Kituo chenu kilifunguliwa miaka hamsini na minane iliyopita, kwa sababu injini za mvuke zilikuwa zikiishiwa maji zikifika hapo. Kisima kilichimbwa na vibarua waliotandika mataruma. Siku arobaini, na mara mbili walikutana na jabali wakahamia pembeni. Stesheni masta wa kwanza aliandika barua sita kulalamika kwamba nyuki wamejenga ndani ya kengele. Ya saba aliandika kwamba wamehama na sasa anawakumbuka.

Barua ya kukifunga nayo ipo. Inasema: "Kituo kitahesabika kimefungwa vifaa vitakapochukuliwa." Inayofuata ni ya watu wa stoo, wanauliza kama kituo kimeshafungwa ili waende kuchukua vifaa. Hakuna aliyewajibu. Juu ya jalada mtu ameandika KIMEFUNGWA kwa wino mwekundu.

Sasa nijibu mimi. Huko kupishana kwa treni mbili kunafanyika kila siku, au ni pale tu moja inapochelewa? Na kumeanza lini?

Karani


Kituo cha Kilomita 209
20 Februari

Mzee wangu Karani,

Shikamoo. Ni kila siku, na hakujawahi kukoma.

Nilimkuta baba anatia kiberenge mafuta. Nikamwambia, "Baba, kumbe kituo chetu kimefungwa."

Hakuinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Makao makuu."

Kopo la mafuta likamtoka mkononi. "Wewe umewaandikia?"

"Ni kazi ya shule, baba."

"Kazi ya shule. Wenzako wanaandika habari za nyanya na vitunguu, wewe unakwenda kumtekenya simba puani."

Baadaye alinifungulia sanduku la bati la babu. Barua unayoitaja imo, na babu amepigia mstari maneno mawili, vifaa vitakapochukuliwa. Baba anasema babu hakutaka kumdanganya mtu yeyote. Alisema amri ni amri: vikichukuliwa nafunga, visipochukuliwa nafanya kazi. Mastesheni masta wa 196 na wa mjini waliiona barua hiyo wakakubaliana naye, kwa kuwa hata mashine za kutolea fimbo na simu zilikuwa bado zipo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote. Kila asubuhi kabla ya kuchukua bendera, baba huigusa kengele, huigusa saa, huzigusa mashine mbili za fimbo, kisha husema peke yake, "Havijachukuliwa." Mimi nilidhani ndiyo dua yake ya asubuhi.

Umenikataza kuandika ofisini, nami nitatii. Lakini siku mbili kabla ya kupata katazo lako nilikuwa nimeshatuma barua nyingine. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu akikusaidia kazini, usimshukuru yeye peke yake, mshukuru na mkubwa wake ili ajulikane. Nilimwandikia Mkurugenzi kwamba Karani wa Ratiba amenijibu upesi na kwa adabu, na nikamweleza jinsi kituo chetu kinavyofanya kazi vizuri. Natumaini si vibaya.

Bi Dakika


3 Machi

Mwanangu,

Barua yako kwa Mkurugenzi ilifika. Imeandikwa vizuri, haina hata kosa moja. Aliisoma kwa sauti mkutanoni, watu wakacheka, kisha jalada la kituo chenu likaitishwa.

Mkaguzi na watu wa stoo watakuja Jumatano, tarehe 9. Mwambie baba yako asibishane nao. Akiulizwa, awaonyeshe ile barua yenye mstari wa babu yako. Yeye analipwa kama mtunza njia, na kazi hiyo hawataigusa, nimehakikisha.

Mimi niliulizwa ninachokijua, nikajibu.

Karani


Kituo cha Kilomita 209
26 Machi

Mzee Karani,

Shikamoo. Walikuja.

Mkaguzi alikuwa mpole. Aliisoma barua ya babu akiwa amesimama, akairudia, akamrudishia baba kwa mikono miwili. Akasema, "Mzee wako alikuwa na haki. Lakini leo, ndugu yangu, ndiyo vinachukuliwa." Walifungua mashine za fimbo, wakabeba kengele, wakang'oa saa. Ukutani limebaki duara jeupe, na watu wakipita bado wanalitazama kabla ya kukumbuka.

Baba aliwasaidia kubeba. Aliwaambia wasiishike kengele kwa ulimi wake, itapasuka.

Tangu siku hiyo treni hupita. Siku ya kwanza nilisimama na mkoba wangu mahali pangu pa siku zote. Dereva aliniona, akanipungia mkono, akageuza uso upande wa pili. Sasa naondoka saa kumi alfajiri, baba hunisindikiza hadi ng'ambo ya mto kisha anarudi mbio kwenye kiberenge. Hesabu ni kipindi cha kwanza na nimekikosa mara saba. Mwalimu Mkuu amesema nitafute pa kukaa mjini au nirudie darasa. Mjini hatuna mtu. Baba ameanza kumtaja mama mdogo, anayeishi mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Anamtaja hivi hivi, akiwa anakunja shati au anatafuta ufunguo, kama jambo lisilo na uzito. Mimi nikiondoka, baba atakula na nani?

Ulimi umeniponza, mzee wangu, na wangu ulikuwa wa kalamu. Muda wa treni bado naandika, mkono umezoea tu; siku za shule baba hunitazamia. Treni ya abiria ya asubuhi sasa inapita hapa saa moja kasoro dakika tano. Juzi ilipita saa moja na robo. Abiria wanalala madirishani.

Sijui kama nitaandika tena. Sina swali lililobaki.

Mwanafunzi


4 Aprili

Mwanangu,

Unalo swali, ila adabu imekuzuia kuliuliza. Ulitaka kujua niliulizwa nini nikajibu nini. Mkurugenzi aliniuliza kama nilijua kwamba treni zinasimama kwenu. Nikamwambia nilipata barua ya mtoto, nikadhani anaota. Ndivyo nilivyosema, na tayari nilikuwa nimeweka karatasi yako ya siku tano ndani ya mfuko wa koti.

Sikiliza sababu. Ratiba haiandikwi kwanza kwa saa, huchorwa. Kila treni ni mstari wa penseli kwenye karatasi ndefu, na mistari miwili inapokatana, ndipo treni mbili zinapopishana. Ofisini wananiita Mzee Mstari. Miaka tisa iliyopita nilichora ratiba ya njia yenu, treni zikaanza kufika kwa wakati kuliko njia nyingine yoyote. Nikapewa cheti, kikatundikwa mlangoni. Wageni huletwa kukitazama.

Ulipoandika kwamba treni hupishana kwenu, nilitoa mchoro wangu nikaweka rula. Nilikuwa nimepanga treni ya mizigo isubiri mjini hadi ya abiria ifike. Haiwezekani. Dakika hazitoshi. Miaka tisa mchoro wangu umekuwa ukishindwa kila asubuhi, na kila asubuhi baba yako na bendera yake wameuokoa bila mtu kujua. Cheti ni chake. Nilipoulizwa, nilikitazama kile cheti, nikasema mtoto anaota.

Sasa njia nzima inachelewa na wakubwa wanawalaumu madereva. Mimi najua la kufanya, ninachokosa ni ushahidi. Niandikie muda wa kila treni inayopita hapo kwa siku ishirini mfululizo. Usitie chumvi hata chembe. Ikiwahi, andika imewahi. Ukiwa njiani au shuleni baba yako akuandikie, kama bado ana moyo wa kunisaidia mimi.

Mficha uchi hazai. Nimechelewa kuukumbuka msemo huo.

Karani


Kituo cha Kilomita 209
28 Aprili

Mzee Karani,

Shikamoo. Siku ishirini hizi hapa, karatasi nne. Mwandiko mkubwa ni wa baba.

Barua yako aliisoma akiwa amesimama. Nikamwuliza, "Umekasirika?" Akasema, "Cheti sikihitaji. Ukuta wenyewe una nyufa." Akatoka nje. Aliporudi alikuwa na penseli mbili, zote amezichonga.

Hatukutia chumvi. Siku ya sita treni ziliwahi, tumeandika zimewahi. Baba alitaka kuiruka siku hiyo, nikamkatalia. Akasema kweli nimerithi ya babu.

Kuna jambo hukuliomba lakini ni huduma, kwa hiyo naliandika. Sanduku la dawa sasa hutupwa kutoka behewa la gadi treni ikiwa mwendoni. Muuguzi amelitandikia godoro la kitanda cha mtoto kando ya reli, naye husimama hapo mikono mbele kama golikipa. Mara mbili lilidondoka nje ya godoro. Chupa zilizovunjika nimezihesabu, ziko kwenye karatasi ya nne.

Baba amemwandikia mama mdogo. Barua ipo juu ya kabati, haijatiwa stempu. Amesema atasubiri hadi mwisho wa mwezi wa tano. Sikuambii ili kukuharakisha. Au labda nimekuambia kwa ajili hiyo.

Bi Dakika


20 Mei

Bi Dakika,

Naandika upesi ili barua iwahi treni ya leo.

Mkutano ulikuwa jana. Nilitandika mchoro wangu wa zamani mezani, juu yake nikaweka karatasi zenu nne, kisha nikasema niliyoyajua na tangu lini nayajua. Nilisema pia kwamba mtoto hakuwa anaota, mimi ndiye niliyedanganya. Mkurugenzi alizisoma karatasi zote nne. Akauliza siku ya sita ilikuwaje treni ziwahi. Nikamwambia sijui, lakini mtu anayeandika siku inayompinga, nyingine kumi na tisa nazisadiki. Akasema hata yeye.

Kupishana kunarudi kwenu. Watu wa stoo wameagizwa kurudisha kila walichokibeba. Mwanzoni hawakukumbuka kengele iko wapi, kumbe walikuwa wakiitumia kuitana chakula cha mchana.

Usifurahi mapema, kuna upungufu. Kituo hakikufunguliwa kama kituo. Ratiba mpya itakiandika kwa herufi ndogo: "Treni husimama kwa kupishana tu." Habari za abiria hazikuguswa. Nilisoma kanuni zote usiku na mchana nikitafuta mahali palipokatazwa mtu kupanda treni iliyosimama. Sijapaona. Hilo sikumwambia mtu, na safari hii nadhani kunyamaza si kudanganya.

Mimi nimehamishiwa stoo ya fomu. Ni chumba kizuri, kina dirisha. Cheti nimekitoa mlangoni mwenyewe na kukiacha juu ya meza ya Mkurugenzi. Mchoro mpya ndio wa mwisho kuuchora. Mistari inakatana kwenu saa kumi na mbili na dakika kumi na nne.

Mwambie baba yako asinunue stempu.

Mzee Mstari


Ndani ya treni ya abiria
17 Juni

Mzee wangu,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, behewa linatikisika.

Vifaa vililetwa Jumatatu. Baba alivifunga mwenyewe. Saa imekaa palepale kwenye duara lake, huwezi kujua ilitoka. Leo ndiyo siku ya kwanza. Watu walikuwa wengi kuliko abiria. Muuguzi alikuja na godoro lake kwapani, treni isije ikapitiliza.

Baba aliigusa kengele, akaigusa saa, akazigusa mashine zote mbili. Kisha akafungua mdomo na neno likamkosa, maana lile la siku zote halikufaa tena. Akanigeukia. Nikasema mimi, "Vimerudishwa." Akatikisa kichwa kukubali, akachukua bendera.

Treni iliingia njia ya pembeni, ikasimama. Gadi alishuka na ratiba mpya mkononi, akatusomea kwa sauti: husimama kwa kupishana tu. Akatutazama, mimi na mkoba wangu, mama mmoja na kuku wake, vijana wawili wa mjini. Akasema, "Haya, piteni hapa basi mpishane." Akafungua mlango.

Kazi yangu ya historia niliikabidhi kwa kuchelewa. Mwalimu ameandika pembeni kwamba sehemu ya huduma ni nzuri, ila haamini habari za nyuki. Naomba nakala za zile barua saba ukipata nafasi huko kwenye fomu zako.

Baba anakusalimu. Amesema siku ukipewa likizo, hapa treni inasimama.

Jambo la mwisho. Leo treni imeingia dakika ya kumi na sita, si ya kumi na nne. Baba amenikataza kukuandikia hilo leo. Nimekuandikia, kwa sababu kesho nitatazama tena.

Bi Dakika